Heko, mafundi wa malori wa Mang'ula

Lori kuukuu lililosheheni mpunga linakaribia tuta. Dereva anaachia pedali ya mafuta, lakini injini, badala ya kushuka, inapaa. Hapo ndipo fundi wa hapa, chini ya milima ya Udzungwa, anapostahili heshima yake. Hakimbilii kufungua pampu. Kwanza anachomoa waya wa mafuta kwenye mkono wa pampu: injini ikitulia, ugonjwa ni waya wenye kutu, vumbi au springi iliyolegea. Isipotulia, anashuku gavana, yaani kidhibiti cha kasi ya injini. Kwenye pampu za zamani zinazoongozwa na mvuto wa hewa, utando wa ndani ukichanika, dizeli huingia bila kipimo. Hukagua pia chujio la hewa la oili, maana oili ikizidi, injini huinyonya na kuiunguza kama dizeli. Injini ikigoma kuzimika, huziba njia ya hewa kwa ubao, kamwe si kwa kiganja.

Wachina walipojenga reli ya TAZARA, kati ya 1970 na 1975, Mang'ula ilipata karakana kubwa. Lakini mimi nawapongeza zaidi mafundi wa leo, wanaomwambia mwenye lori kwamba ni springi tu, wakati wangeweza kumtoza bei ya pampu nzima.