Ubeti wa jiko na mkono wa fundi

Marehemu rafiki yangu alikuwa fundi redio, na mashairi aliyatunga katikati ya kazi: akingoja chuma cha lehemu kipate moto, au mteja arudi na fedha ya spea. Hakuwahi kuchapishwa. Ameacha daftari moja, nami nataka kulichambua kama yeye alivyochambua redio iliyogoma: nifungue kifuniko nione nini kimeungwa na nini. Nimechagua ubeti wa kwanza wa shairi lake kuhusu chai ya jioni:

Jiko dogo limewaka, sufuria i motoni,
Mkaa unapasuka, cheche zaruka pembeni,
Harufu imezunguka, tangawizi ya chaini,
Jirani nawe karibu, kuna kikombe mezani.

Hii ni tarbia, yaani ubeti wa mishororo minne. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kina mizani, yaani silabi, 8. Ni umbo ambalo Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) alilitumia kusemea siasa, mapenzi na mambo ya nyumbani, na ambalo wasomaji wa gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, walilitumia kupelekeana hoja na salamu. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziandika kanuni zake katika kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka mwaka 1954. Rafiki yangu alizishika kanuni hizo kwa mapenzi, wala hakuona kuwa zinambana.

Tuanze na mizani. Kwenye daftari, mshororo wa kwanza uliandikwa kwanza "sufuria iko motoni", kisha "iko" ikakatwa kwa mstari mmoja na juu yake ikaandikwa "i". Hesabu inaeleza sababu: su-fu-ri-a-i-ko-mo-to-ni ni mizani 9. Mtungaji mvivu angetupa sufuria na kutafuta chombo chenye jina fupi. Yeye aliibakiza sufuria, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa jikoni, akafupisha kitenzi kwa njia ambayo lugha ya ushairi inairuhusu tangu zamani. Kitu halisi hakikuguswa; kilichopunguzwa ni kiungo tu.

Mshororo wa pili una mtego kwa anayeanza kutunga. "Mkaa unapasuka" huonekana kupungua mizani mpaka ukumbuke kwamba m ya "mkaa" ni silabi kamili: m-ka-a. Katika "mbuzi", m imeshikana na b na haihesabiwi peke yake. Katika "mbu" inahesabiwa, kwa sababu ndiyo inayobeba mkazo. Mwenzangu hakujifunza hayo darasani. Alihesabu kwa kugonga meza ya kazi kwa kidole, na sikio lake likamtosha.

Sasa vina. Vina vya kati ni -ka, vya mwisho ni -ni. Vyote viwili ni vyepesi kupatikana, kwani -ka huzalishwa na vitenzi vingi na -ni hupachikwa kwenye karibu jina lolote la kitu kuonyesha mahali. Wepesi huo huwaponza watungaji wengi wakajaza maneno yasiyo na kazi. Hapa kila kina kina kazi yake. Vitenzi vitatu vya kati vinapita katika hisi tatu: limewaka ni la macho, unapasuka ni la masikio, imezunguka ni la pua. Maneno ya mwisho nayo yanasafiri: motoni, pembeni, chaini, mezani. Ukiyasoma hayo manne peke yake, umeifuata chai kutoka kwenye moto hadi mbele ya mgeni.

Mshororo wa tatu ndio dhaifu kidogo. "Imezunguka" ni neno la jumla, na msomaji anabaki akiuliza harufu imezunguka wapi. Kinachouokoa ni utao wake: harufu inatajwa kwanza, kisha chanzo chake kinafuata, kama inavyomfikia mtu anayepita barabarani. Pua hupata habari kabla ya akili kujua ni tangawizi.

Kituo, yaani mshororo wa mwisho, ndicho moyo wa ubeti, na daftari linaonyesha kwamba kilitangulia. Kimeandikwa juu kabisa ya ukurasa, kimepigiwa mstari, hata kichwa cha shairi hakijawekwa. Kinarudiwa katika kila ubeti, na kwa kuwa vina vya kati hubadilika toka ubeti hadi ubeti, kisingeweza kuafikiana na vyote. Lakini ipo sababu kubwa zaidi. Angetaka, angeandika hapa "Jirani ukishafika, kuna kikombe mezani". Mizani ingetimia na kina kingekaa. Ila mwaliko huo ungekuwa na sharti ndani yake. Aliona afadhali avunje kina cha kati, na neno lililosimama pale palipovunjika ni "karibu". Sikio lililokwisha kuzoea -ka mara tatu linashtuka hapo hapo anapoitwa jirani. Sisi tuliokuwa tukipita kwake jioni tunajua kuwa hakuandika hilo kwa ajili ya urembo.

Ubeti wa pili umepatwa na maji. Mwanzo wake unasomeka hivi: "Masika yametukuta, bati lavuja", kisha doa. Kanuni zile zile zinasaidia kuziba pengo. "Bati lavuja" ni mizani 5, basi zimepotea 3, na lazima ziishie na -ni. "Chumbani" linaingia, "jikoni" linaingia. Mshororo unaofuata ndio unaoamua: "Mkaa nao wateta, umelowa guniani." Gunia la mkaa kwake lilikaa jikoni. Nimelirudisha neno bila wasiwasi mkubwa.

Hivyo ndivyo umbo linavyotunza kumbukumbu. Mashairi mengi ya Muyaka yaliishi vichwani mwa watu wa Mombasa miaka mingi baada ya kifo chake, hadi Mwalimu Sikujua na mchungaji William Taylor walipoyaandika. Anayekariri akisahau neno, mizani humwambia urefu wake na kina humwambia linavyoishia. Nathari haina msaada huo.

Kwa hiyo, ukiachiwa daftari la rafiki, usiishie kulisoma. Linakili kwa mkono, hesabu mizani, tazama maneno yaliyokatwa na ujiulize kwa nini hayakufaa. Utakutana na maamuzi yake moja moja: alichokubali kufupisha, alichokataa kukitupa, mahali alipovunja kanuni na kwa faida ya nani. Mimi nimeanza kuzinakili beti zote. Pale neno lilipofutika na nisiwe na hakika nalo, naandika pembeni idadi ya mizani na kina kinachotakiwa, ili anayemkumbuka vizuri kuliko mimi aweze kulijaza.