Wanaoandika Namba za Mabehewa

Katika treni za chini ya ardhi za New York, kila behewa lina namba yake, na kuna watu wanaozijua namba hizo kama bibi anavyojua majina ya wajukuu. Husimama stesheni na daftari: behewa hili limeonekana kwenye njia fulani, tarehe fulani, limetoka karakana ile. Hawalipwi na mtu. Nawapongeza kwa moyo wote.

Kazi yenyewe inataka subira. Mabehewa mapya yakifika, ya zamani hayaondoki siku hiyohiyo. Huhamishiwa njia nyingine, nayo ya huko husogezwa kwingine, mpaka makongwe kabisa yakose pa kwenda. Aliyeandika kila hatua ndiye awezaye kumweleza abiria kwa nini treni yake ya miaka yote imebadilika ghafla.

Chukua mabehewa ya aina ya R32. Kampuni ya Budd iliyaunda 600, ya chuma kisichoshika kutu, yakaanza kazi mwaka 1964. Ya mwisho yaliwaaga abiria Januari 2022, baada ya zaidi ya miaka 57! Mengine yalikuwa yameshazamishwa katika Atlantiki yawe makazi ya samaki. Kumbukumbu kama hizo zingepotea kirahisi mno bila watu wenye mapenzi ya namna hii.

Machi 2023 mabehewa mapya ya aina ya R211 yakaanza kubeba abiria kwenye njia ya A, na madaftari yakafunguliwa ukurasa mpya.