Kinyago kilichowatisha wenyewe: Degas na binti wa baleti

WAPENZI wengi wa sanaa humkumbuka Edgar Degas kama mchoraji wa urembo wa baleti: sketi nyeupe, taa za jukwaani na mabinti wepesi kama unyoya. Naona sifa hiyo inampunja. Hebu tuitazame kazi yake moja tu, sanamu ya Mcheza Densi Mdogo wa Miaka Kumi na Minne, iliyoonyeshwa Paris mwaka wa 1881.

Degas aliifinyanga kwa nta, kimo chake karibu mita moja. Akaivika sketi na viatu vya baleti vya kweli, akaitia nywele za kweli zilizofungwa utepe. Msichana huyu hachezi. Amesimama, mguu mmoja mbele, mikono nyuma, kidevu juu, macho nusu yamefumba. Ni mwili wa mfanyakazi aliyechoka, anayengoja kuambiwa aanze tena.

Wahakiki wengi walimaka. Wapo waliomlinganisha na nyani! Je, ni nini hasa kilichowachukiza? Binti aliyechongwa, Marie van Goethem, alikuwa mwanafunzi wa densi katika Opera ya Paris, mama yake dobi. Wasichana kama yeye waliitwa panya wadogo. Mabwana wenye pesa, waliolipia viti vya msimu mzima, waliruhusiwa kuingia nyuma ya jukwaa na kuwazengea. Degas aliwachora mabwana hao pia, wamevaa suti nyeusi, wamejibanza kando ya pazia.

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Paris ilitishwa na chake. Jukwaani, kwa mbali, uchovu na umaskini wa Marie ulifunikwa na maleba, ukaitwa urembo. Ulipoletwa karibu, ndani ya sanduku la kioo, ukaitwa ubaya. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi ya uchongaji kwa densi: si kuipamba, bali kuisimamisha ili tumwone anayecheza.

Hata hivyo, Degas naye haponi lawama. Marie alifutwa Opera mwaka wa 1882, kisha habari zake zikapotea. Degas alipofariki mwaka wa 1917, sanamu ilinakiliwa kwa bronzi na nakala zikasambaa katika makumbusho ya nchi mbalimbali. Sifa zote ni za msanii. Jina la binti halimo hata katika anwani ya kazi yenyewe. Basi tukiisifu sanamu hiyo, tumtaje na mwenyewe: Marie.