Panda Darini Kwanza

Nyumba ya mbao ya pwani ya Florida haipimwi ukiwa umesimama barabarani. Rangi, baraza na madirisha mapana vitakupendeza hata kama fundi alilipua kazi. Omba ngazi, chukua tochi, panda darini.

Huko juu anza na misumari. Kila msumari uliopigiliwa juu ya plaiwudi ya paa sharti uzame ndani ya kenchi. Ukiona ncha zinaning'inia hewani kando ya mbao, basi hazishiki kitu. Kimbunga Andrew kilipopiga kusini mwa Miami, tarehe 24 Agosti 1992, kosa hilo lilikutwa katika nyumba nyingi zilizobomoka: pini zilizopigiliwa kwa mashine zilikuwa zimepita pembeni mwa mbao. Upepo wa kimbunga hausukumi paa tu, hulivuta kwenda juu. Plaiwudi ikibanduka, mvua humwagika ndani na dari huangukia vitanda. Maafa yale yalichangia kuzaliwa kwa kanuni za ujenzi za jimbo zima, zilizoanza kutumika 2002. Msumari mzuri una mikato ya duara mwilini. Ule laini hunyofoka upesi.

Kisha mulika pale kenchi inapokalia ukuta. Msumari wa mshazari peke yake hautoshi. Pawe na mkanda wa chuma unaoikumbatia kenchi na kushuka ukutani, usioshika kutu, maana chumvi ya bahari haina huruma. Chungulia hadi kwenye kona finyu ambako mkono wa fundi hupenya kwa taabu. Aliyepigilia misumari yote hata huko, namvulia kofia. Nadra kumkuta kaharibu kwingine.

Paa hushikwa na ukuta, ukuta na sakafu, sakafu na msingi, kwa hiyo fuata vyuma hivyo mpaka chini. Mlango wa gereji nao uwe na mataruma. Ukivunjika, upepo huingia na kulisukuma paa kutoka ndani. Ufukweni kabisa, nyumba isimame juu ya nguzo ndefu. Huko Mexico Beach, Florida, Oktoba 2018, kimbunga Michael kilisukuma bahari mjini, nyumba nyingi zikafagiliwa, zikabaki sakafu za zege.

Muuzaji akikukatalia kupanda darini, nyumba hiyo usiinunue.