Ubao Mmoja, Bawaba Isiyo na Msumari

Katika viwanja vya Ngongo, nje kidogo ya mji wa Lindi, watu hupita mbele ya mabanda ya maseremala kwa mwendo wa mtoto aliyetumwa dukani. Si lawama. Nane Nane ni sikukuu ya wakulima, na macho huvutwa na ng'ombe, mbegu za ufuta na mashine za kubangulia korosho. Hata waliosimama kwenye banda la mbao walijazana upande wa vinyago vya mpingo na vitanda vilivyopakwa vanishi mpaka vinarudisha sura ya mtazamaji. Mimi ni mwalimu. Useremala naufanya jioni na Jumamosi, kwenye benchi iliyobanana na ukuta wa jiko. Nilitoka Kilwa Masoko alfajiri, nikadandia basi Nangurukuru, na kilichonishika miguu kwa muda wa saa mbili hivi kilikuwa marfaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, kimewekwa pembeni mwa meza kama kitu kilichosahauliwa.

Kilikuwa cha mninga, hakina nakshi hata moja. Kimefunguliwa, miguu yake imesimama kama herufi X. Nilipokifunga kikawa ubao mtupu: urefu sentimita 55, upana 20, unene 3. Hakina msumari, hakina gundi, hakina kijiti kilichopenyezwa katikati. Mbuzi nyingi za kukunja tulizokunia nazi nyumbani zina mbao mbili: moja imetobolewa, nyingine imepita ndani yake, na kitu fulani kimezishikilia zisiachane. Hapa nyuzi za mti zilitoka ncha moja hadi nyingine bila kukatika. Maana yake ni kwamba hakuna kilichounganishwa. Ubao mmoja ulitenganishwa ukawa vibao viwili, na viwili hivyo vikagoma kuachana.

Namna ilivyofanyika ni hivi. Tazama ubao ukiwa umesimama, kisha ugawe unene wake kwa mawazo: nusu ya mbele, nusu ya nyuma. Msumeno ukipita katikati toka juu hadi chini, unapata vibao viwili vyembamba na kazi imekwisha. Katika marfaa, jani la kwanza, yaani kibao kimoja kati ya viwili, huanza juu likiwa nusu ya mbele. Likifika kwenye bawaba huvuka, likashuka hadi mguuni likiwa nusu ya nyuma. Jani la pili hufanya kinyume chake. Mahali pa kuvukia ni ukanda wa sentimita 3 tu, sawasawa na unene wa ubao, uliogawanywa vidole vitano vya sentimita 4 kila kimoja. Vitatu ni vya jani hili, viwili vya lile. Vinapishana kama miyaa katika ukili, huyu juu mwenzake chini, ndiyo sababu huwezi kuyavuta majani yakatoka.

Ukanda haukuchaguliwa sentimita 3 kwa kubahatisha. Kidole kikichongwa mviringo kinakuwa kama kipande cha rungu: kimo chake na unene wake vikilingana, kinazunguka papo hapo bila kumsukuma jirani. Ukiongeza kimo, kidole kinakuwa yai, na yai halizunguki ndani ya tundu la duara.

Kwa upande wa mbele, patasi hula sehemu ya chini ya kidole cha kwanza, sehemu ya juu ya kidole cha pili, chini ya cha tatu, na kuendelea hivyo, mpaka katikati ya unene. Upande wa nyuma, kidole kilichokatwa chini sasa hukatwa juu. Mipaka kati ya vidole hutobolewa kwa keke yenye ncha nyembamba, kisha hupitishwa msumeno wa wembe mwembamba kama uzi. Kupasua majani ndiko humaliza kazi: msumeno huingia kichwani ukashuka hadi kwenye bawaba, halafu miguuni ukapanda hadi hapohapo.

Mpangilio huo ndio uliokuwa umenishinda kuuelewa kabla ya siku ile. Akili ya mwanagenzi humwambia apasue kwanza, maana kupasua ni kazi kubwa na vidole ni kazi ndogo. Lakini ubao ukiwa mzima, jiriwa inaubana na nyundo inagonga bila hofu. Ukishapasuliwa, unene wa kila jani haufiki sentimita moja na nusu. Kidole nacho kina udhaifu wake: nyuzi za mti hupita kwa urefu wa ubao, ilhali nguvu ya jani inavuka kutoka mbele kwenda nyuma ndani ya sentimita hizo 3 tu. Pigo moja la patasi butu, na kidole kinachanika.

Nilikuwa na haki ya kujua hayo, maana nilikwisha kuharibu mbao mbili nyumbani. Ya kwanza ilichanika kwa sababu ya fundo karibu na bawaba, kosa la kila mtu. Ya pili ilinifedhehesha. Nilipomaliza kukata, ubao ulitoka vipande viwili mikononi mwangu, kila kimoja kina meno kama kitana. Nilimsimulia mzee mwenye banda baada ya shikamoo na mazungumzo ya mvua na mashamba. Hakucheka. Akatoa ubao ambao haujachongwa kwenye gunia, akauweka mbele yangu.

"Mwalimu, ulipochora upande wa kwanza, uligeuzaje?"

Nikauchukua, nikaugeuza kwa ubavu.

"Hapo ndipo. Huo si ukurasa wa kitabu. Pindua kichwa kiende chini, halafu chora vilevile ulivyochora mwanzo."

Nilisimama pale nikahesabu vidole mara tatu kabla ya kukubali. Ukigeuza kwa ubavu, juu inabaki juu, na ukirudia mchoro uleule unakata chini ya kidole kilekile mbele na nyuma. Kidole hicho kinapoteza mguu wake, jirani yake anapoteza kichwa, na unapata vitana viwili. Ukipindua kichwa chini, mchoro huohuo unaangukia mahali pake wenyewe. Hakuna hesabu ya kukumbuka. Mistari ya ukanda tu ndiyo izungushwe kwa skwea kwenye mbavu zote mbili, kwa kuwa bawaba haiko katikati ya urefu.

Marfaa hufunguka na kusimama yenyewe kwa sababu ya mabega. Pale vidole vinapoanzia, fundi alikata mshazari wa nyuzi 45 hivi. Majani yakifunguka, bega hugota bega. Mshazari ukizidi, marfaa inalala chini na kitabu.

Mninga nao una sehemu yake. Ni mti unaosinyaa kidogo sana ukikauka, sifa ambayo bawaba ya mbao haina budi kuwa nayo katika pwani yenye joto la mvuke. Nane Nane huangukia kipupwe, hewa kavu. Bawaba iliyobana vizuri mwezi Agosti inaweza kukwama kabisa wakati wa masika. Ndiyo maana mzee aliacha mwanya wa unene wa wembe wa msumeno, hakusugua msasa ndani.

Umbo hili la marfaa si letu peke yetu, na wala si la jana. Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lina marfaa yenye tarehe ya mwaka 1360 na jina la fundi wake, Hasan ibn Sulaiman wa Isfahan. Jina hilo hilo, al-Hasan ibn Sulaiman, ndilo alilokuwa nalo sultani wa Kilwa aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331. Hawana uhusiano, lakini mtu wa Kilwa hawezi kulipita jina hilo bila kutabasamu.

Kwa anayetaka kujaribu, ubao ulionyooka nyuzi ndio mgumu kupata. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe juu ya Rufiji mwaka 2003, magogo ya kusini yana njia rahisi ya kwenda Dar es Salaam. Vijiji vya Kilwa kama Kikole na Kisangi vinasimamia misitu yao wenyewe, na mwaka 2009 vilikuwa vya kwanza kuingia katika cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, kilichopatikana kupitia shirika la uhifadhi la MCDI. Lakini kwa sisi wa ubao mmoja kwa mwezi, dawa ni masalia ya karakana: sentimita 55 ndizo fundi wa vitanda anazotupa.

Marfaa yangu ya tatu inafunguka, ingawa kidole cha nne kinalia. Ukienda Ngongo, chukua futi na penseli. Ukiiona marfaa mezani, omba ruhusa uifunge, kisha itazame ubavuni.