Kitabu cha Kweli cha Kumpa Rafiki



Rafiki yangu mmoja, mtu wa makamo, alinijia baada ya sala ya Isha akaniambia: "Sheikh, nitafutie kitabu cha kusoma usiku. Hadithi za kutunga sizitaki. Nataka mambo yaliyotokea, na yawe matamu." Nikampa viwili. Huenda nawe una haja kama yake, basi nakueleza vitabu hivyo, na neno nililomwambia alipokuwa akivichukua.

Cha kwanza ni safari za Ibn Batuta. Bwana huyu alizaliwa Tanja, nchi ya Maghribi, mwaka 1304, akatoka kwao mwaka 1325 kwenda kuhiji, na safari ikamchukua miaka mingi. Mwaka 1331 alifika pwani yetu. Utamu wake ni kuwa hadharau jambo dogo. Akiwa Mogadishu atakutajia wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu. Akifika Mombasa atakueleza watu walivyokuwa wakiosha miguu kabla ya kuingia msikitini. Ukisoma utadhani anasimulia nyumba ya jirani.

Kilwa alimkuta Sultani Hasan, aliyesifika kwa ukarimu. Fakiri mmoja alimwomba nguo alizovaa, naye akazivua akampa. Mwana wa Sultani akazikomboa kwa watumwa kumi. Sultani alipoona watu wanamsifu, akamwongeza yule fakiri watumwa kumi wengine na pembe za ndovu.

Cha pili ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Aliyasimulia mwenyewe, kwa Kiswahili chetu. Hana mapambo, husema twalikwenda, twalipigana, twalipata pembe. Hata hila zake hazifichi. Anaeleza alivyomwendea mtawala wa Utetela akadai kuwa bibi yake ametoka katika ukoo huo, na kwa maneno hayo akapewa nchi. Ukianza kukisoma, taa huizimi mapema.

Sasa neno lenyewe. Nilimwambia rafiki yangu: "Soma, lakini wahesabu watu." Katika kisa cha Kilwa sote twautazama ukarimu. Lakini watu ishirini wamepita mkono kwa mkono, na hatukuambiwa jina la hata mmoja. Na kwa Tippu Tip, pembe utazijua kwa frasila. Waliozibeba, na waliochomewa miji yao, mara nyingi huwajui. Hiyo ndiyo ila ya vitabu hivi viwili, na utamu wao ndio unaoifunika.

Je, tuviache? La. Wako kati yetu wasemao mambo hayo yasitajwe, yatawaaibisha wazee. Na wako wasemao wazee wote walikuwa waovu. Wote wawili wamehukumu kabla ya kusoma. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tusimamishe ushahidi wa haki, ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Mtu atashuhudiaje jambo asilolijua? Basi kumpa mwenzio kitabu ni amana: umwambie uzuri wake, na umwambie pia pa kusimama akafikiri.

Baada ya mwezi alinirudishia vitabu. Hakuniuliza habari za masultani. Aliniuliza: "Sheikh, watu ishirini wale, wajukuu wao wako wapi leo?"

Nikamjibu: "Huenda ni katika hawa tunaosimama nao safu moja alfajiri. Huenda ni mimi, huenda ni wewe."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba kitabu cha tatu.

Wabillahi tawfiq.