Kamba ya Mafundo na Mizani ya Mnunuzi

Msafiri atokaye Kidatu kwenda Ifakara, akiisha kuiacha Mang'ula, hupita Kisawasawa huku milima ya Udzungwa ikiwa kuumeni kwake na mashamba yakiteremka upande wa kushoto kuelekea bonde la mto Kilombero. Naye akiitazama ardhi ile yenye rutuba na mvua ya kutosha, hustaajabu kwa nini kaya zinazoilima ziwe na akiba haba. Sababu aghalabu imetafutwa katika uhaba wa maarifa, na kwa itikadi hiyo wataalamu wameliandama bonde hili kwa mafunzo. Namna mbili kati ya mafunzo hayo zafaa kupimwa, maana zilianzia ncha mbili tofauti za kazi moja.

Ya kwanza ni ya Mngeta, ng'ambo ya Ifakara, katika shamba kubwa lililoasisiwa mwaka 1986 kwa ubia wa Tanzania na Korea ya Kaskazini, likatelekezwa, hata likafufuliwa mwaka 2008 na kampuni ya Agrica. Muda si mrefu baada ya hapo, kampuni ilianza kuwafundisha wakulima wadogo wa vijiji vya jirani, Mkangawalo kikiwa miongoni mwa vya mwanzo, kilimo shadidi cha mpunga, fani iliyobuniwa Madagaska, Bukini ya wazee wetu, na kasisi Mfaransa Henri de Laulanié katika miaka ya 1980.

Fani yenyewe ni nyepesi kuisimulia. Mkulima aliyezoea kumwaga mbegu shambani kwa mkono huambiwa asie kitaluni, ahamishe miche ingali na umri wa siku 8 hadi 12, apande mche mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25 kila upande, apalilie mapema na mara kwa mara, na aloweshe na kukausha jaruba kwa zamu badala ya kuligharikisha msimu mzima. Mbegu ya ekari nzima haizidi sana kilo 3, na mbegu ya Saro 5, ambayo watafiti huiita TXD 306, huitikia vema malezi hayo kwa kuchipuza machipukizi mengi kuliko mpunga uliosongamana.

Lakini ishike kamba yenye mafundo kila sentimita 25, uinyooshe jarubani mkiwa watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, kisha uhesabu: mita moja ya mraba ina mashimo 16, na ekari moja ina zaidi ya 64,000, kila shimo likidai mgongo uinamishwe na kidole kishindilie mche usiozidi unyasi kwa unene. Kwa kaya isiyo na fedha ya vibarua, ekari moja ni adhabu, ilhali robo ekari ni jambo la kuwezekana. Ndiyo maana naona kuwa kipimo cha eneo la kuanzia kina uzito kuliko somo lenyewe, kwani mkulima akiacha sehemu kubwa ya shamba lake katika desturi ya zamani, makosa ya kujifunza hayatamlaza na njaa. Sharti la maji nalo liliwaelemea wengi, kwa kuwa mkulima wa mvua hana mlango wa kufungua wala wa kufunga, na masika hushuka kwa hiari yake; mikononi mwake hubaki mbegu, nafasi na palizi, na hata hizo tatu, zikisimamiwa, huongeza mavuno.

Taksiri ilikuwa kwingine. Mafunzo yalianzia kitaluni yakaishia uwandani pa kupuria, ilhali biashara huanzia hapo. Mwaka 2013, serikali iliporuhusu mchele wa nje kuingia bila ushuru, bei ilianguka, na aliyekopa mbolea kwa kutumainia bei ya jana alijikuta ana magunia mengi na deni lile lile. Mtu asiye na ghala wala akiba ya kusubiri huuza wakati wa mavuno, wakati ambao kila mtu anauza, tena kwa lumbesa. Na mavuno mengi katika hali hiyo yamnufaisha dalali kwanza.

Namna ya pili ni ya Mbingu, ambako kampuni ya Kokoa Kamili, iliyoanza mwaka 2013, ilitanguliza mizani. Wakulima wa kokoa walizoea kukausha punje nyumbani, kila mmoja kwa namna yake, na ubora ukahitilafiana. Kampuni ikaanza kununua punje mbichi, zingali na utelezi wake, ikazivundika na kuzikausha mahali pamoja kwa usimamizi mmoja, na hivyo kazi iliyo ngumu kuliko zote kufundisha ikaondolewa mabegani mwa familia. Miche ya kupanda ikagawiwa kwa watu waliokwisha kujua ni nani atakayenunua. Nami, kwa insafu, naupendelea utaratibu huu, ingawa wafaa kuogopwa pia, kwa kuwa mnunuzi mmoja akiyumba, walimaji wote huyumba naye.

Kwa familia ya Kisawasawa inayotaka kuanza, shaka iliyobaki ni ya muda. Mpunga hulipa ndani ya msimu mmoja, ilhali mkokoa hudai miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa kwa maana, na katika utoto wake hutaka kivuli. Migomba ikitangulizwa kati ya mistari, kivuli hicho huzaa mikungu ya kupeleka sokoni Ifakara wakati mikokoa ingali inakua.